Maneno Niliyomwekea Mwalimu Dorka

Jirani yangu amejifungua wiki iliyopita, na tangu siku hiyo ngazi zetu zote zanuka mvuje, ule utomvu mkali wa kumkinga mtoto na jicho baya. Wamemfunga mtoto kipande mkononi, wamechoma kingine mlangoni, na harufu inanipokea kabla sijapiga hodi. Wenzangu wa Pwani mwaijua: ikishaingia puani haitoki mpaka itake yenyewe. Wengine ikiwafikia hukumbuka bibi zao au homa za utotoni. Mimi huniletea hasira. Nilikwenda kumpongeza mzazi, nikatabasamu, nikampakata mtoto, na muda wote huo rohoni nilikuwa namlaani mwalimu mmoja wa Kiingereza ambaye sijui hata kama yu hai. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mvuje na Kiingereza nilivipata mahali pamoja, dukani kwa Bwana Kantilal, Mhindi mzee wa mjini Malindi. Sisi ni watu wa Sabaki, ng'ambo ya daraja. Tulilima nyanya na kunde karibu na mto, na kila Jumamosi mama alipeleka nyanya sokoni, nami nikamfuata na kikapu cha pili. Zikishauzika tuliingia kwa Bwana Kantilal kununua sukari, chumvi na majani ya chai. Wa rika langu mtakumbuka kwamba vitu hivyo vilipimwa na kumiminwa kwenye karatasi kuukuu iliyokunjwa pembe. Bwana Kantilal alizipata karatasi zake kwenye maofisi na mahoteli, akazitia kreti moja na mvuje wake, zikashika harufu yake. Tukifika nyumbani mama alimimina sukari koponi, karatasi akaniachia mimi. Karibu zote zilikuwa za Kiingereza, na sikuwa na haja nazo mpaka siku mama alipoitwa shule.

Ilikuwa siku ya wazazi. Nilikuwa darasa la sita, si wa kwanza wala si wa mwisho, mtoto wa katikati ambaye walimu husahau jina lake. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Dorka, mwanamke mrefu wa mjini, sketi zake zimepigwa pasi hata siku za mvua. Alifundisha Kiingereza. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kufukuzia kuku, na Kigiriama ndiyo usiseme. Wazazi walikaa kwenye madawati yetu, sisi tukasimama ukutani. Kila mzazi aliitwa mbele asomewe matokeo ya mwanawe, na wengi wao Mwalimu Dorka aliwachanganyia lugha ili waelewe. Alipofika kwa mama, aliyekuwa amevaa leso mpya na kukunja mikono kwa heshima, alisema Kiingereza kitupu.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiotoka kwetu. Kwetu mtu mzima akisema nawe, humwachi aseme peke yake. Kila akitua unamwitikia, "hee", hata kama hukubaliani naye, kwa sababu kumnyamazia ni kumgeuzia mgongo. Kuitikia si kukubali. Mama aliona mwalimu anasema, anatua, anamtazama. Basi akamwitikia, na kwa kuwa mwalimu alisema Kiingereza, mama akamwongezea heshima kwa kutumia neno la pekee la Kiingereza alilokuwa nalo.

Mwalimu Dorka alimwuliza kama anajua bintiye ni mvivu.

"Yesi," mama akasema.

Akamwuliza kama huu uzito wa kichwa mtoto ameurithi kwake.

"Yesi."

Wazazi wa mjini wakaanza kucheka, kwanza puani, kisha waziwazi, na Mwalimu Dorka aliposikia kicheko akanogewa. Akauliza kama haingekuwa vizuri mtoto arudie darasa la sita, apate shuleni kile ambacho nyumbani hakipo. Mama akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu zake.

"Yesi, mwalimu."

Ikaandikwa kwenye rejista kwamba mzazi amekubali. Mwaka uliofuata wenzangu wakaingia la saba, mimi nikabaki pale pale na watoto walionifika begani.

Njiani siku ile mama alikuwa mchangamfu. Alisema yeye na mwalimu wamesemezana vizuri. Nikajua hakuelewa hata moja, na sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilitembea nyuma yake mpaka darajani, nikitazama visigino vyake, na nikaapa kwamba Mwalimu Dorka atachekwa mbele ya watu wale wale, kwa lugha ile ile.

Sasa nicheke mimi kabla hamjanicheka. Nilivyoelewa wakati ule, walimu wa Kiingereza walikuwa wameapishwa. Niliamini kuna chumba huko Nairobi wanakofungiwa na kuulizwa maneno yote ya Kiingereza, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na anayeyamaliza ndiye anayekabidhiwa chaki. Ikigunduliwa kwamba lipo neno moja asilolijua, anarudisha chaki na kazi imekwisha. Kwa hiyo sikuhitaji nguvu wala ukubwa. Nilihitaji neno moja tu.

Nikaanza kuzinyoosha karatasi za sukari chini ya godoro. Asubuhi zilitoka zimelainika, bado na chembe mbili tatu za sukari ambazo nililamba kwanza, kisha nikanakili kila neno nisilolijua kwenye daftari la jalada jekundu. Zilikuwa karatasi za kila namna: maelezo ya dawa za kupulizia mimea, barua za bima, orodha za vyakula vya wazungu, malalamiko ya mgeni wa hoteli kuhusu ukungu kwenye mapazia. Jioni nilipomwagilia nyanya, kila mstari niliupa neno lake. Sikutoka kwenye mstari mpaka nimelitamka neno lile kwenye kila shina, na nikikosea nilirudi mwanzo na ndoo yangu. Maji ya Sabaki ni ya matope, mazito, na viboko walikuwa wakikoroma upande wa pili. Mama alidhani naimba. Alisema nyanya mwaka ule zilizaa kwa sababu ya nyimbo zangu.

Kila Ijumaa Mwalimu Dorka alikuwa na kipindi alichokipenda kuliko vyote. Kila mwanafunzi alileta neno jipya, yeye akaliandika ubaoni, akatoa maana, nasi tukalikariri mara tatu kwa sauti na kulinakili. Watoto wengine walileta majina ya matunda na wanyama. Mimi nilipeleka neno effluent, lililotoka kwenye barua ya kiwanda fulani, na nikalipeleka bila kujua maana yake, kama mtu anayerusha jiwe gizani. Mwalimu Dorka alilitazama. Aligeuza chaki vidoleni mara mbili. Kisha akasema, bila kupepesa, kwamba maana yake ni ufasaha wa mtu mwenye sauti nzuri, na tukakariri.

Nilivunjika moyo. Jumamosi nikamwuliza Bwana Kantilal kama naweza kutazama kamusi yake, ile aliyoiweka chini ya meza kwa ajili ya kusoma maelezo ya dawa za wakulima, isiyo na jalada wala herufi nne za mwisho. Akaniambia nikanawe mikono kwanza. Nikanawa, nikatafuta, nikapata. Maji machafu yanayotoka kiwandani. Nilisoma mara tatu, na kwa furaha nikaketi juu ya gunia la mchele bila kukaribishwa. Nikamwuliza Bwana Kantilal ni nani anayepelekewa habari, ikiwa mwalimu amekutwa hajui neno.

"Binti," akasema, "kama kutojua neno ni kosa, mimi ningekuwa nimefungwa maisha."

Nikadhani ananitania kwa sababu mimi ni mtoto. Lakini nilijifunza kitu siku ile kilichonifaa kuliko kamusi. Mwalimu Dorka hakuwa akijua, alikuwa akibuni. Na mtu anayebuni mara moja atabuni tena, ukimpa nafasi. Nikaamua kutomwambia mtu. Kila Ijumaa nikampelekea neno gumu, naye kila Ijumaa, kwa kuwa shule haikuwa na kamusi, akatoa maana kutoka kichwani mwake, na darasa zima likaandika kwa wino. Neno mildew, ambalo ni ukungu unaoozesha nguo, likawa umande mwororo wa asubuhi. Neno emetic, ambalo ni dawa ya kumtapisha mtu, likawa mtu mwenye bidii isiyochoka. Mimi katika daftari langu jekundu niliandika safu mbili: alivyosema yeye, na ilivyo kweli. Ilipofika muhula wa tatu daftari lilikuwa karibu kujaa. Mpango wangu ulikuwa kusimama siku ya wazazi, mbele ya ofisa wa elimu aliyealikwa, na kulisoma lote.

Na hapa ndipo ninapofika kwa Lidya, ambaye ningependa kumruka. Lidya alikuwa binti wa Mwalimu Dorka, na tulikaa dawati moja. Hakuwa na kiburi cha mamake. Alinipa penseli zake zikiwa bado ndefu, na alipojua kwamba mimi ndimi niliyerudishwa darasa hakunicheka, aliniuliza tu kama la sita la pili ni rahisi zaidi. Mamake alimchagua asome insha mbele ya wageni, insha yenye maneno yote makubwa tuliyojifunza mwaka ule. Alhamisi, siku moja kabla, alinisukumia daftari.

"Hebu nitazamie," akaninong'oneza. "Maneno nimeyatumia vizuri?"

Nilisoma. Ilikuwa insha ya kumsifu mama yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia, "Vizuri sana," na nikamrudishia.

Siku ya wazazi ofisa wa elimu alikaa kiti cha mbele, soda yake juu ya kitambaa. Mama alikuwa benchi la nyuma na kikapu chake miguuni, kwa sababu msimu ule, nyanya zilivyokuwa nyingi, alipita sokoni kila siku. Wazazi wa mjini wengi walikuwa wale wale, sasa wamekuja kwa ajili ya watoto wao wadogo. Lidya alisimama, akasoma kwa sauti safi, na nitawaambia ofisa alisikia nini. Alisikia kwamba mama wa Lidya ni dawa ya kutapisha kuliko wanawake wote. Alisikia kwamba anapofungua kinywa chake hutoka maji ya kiwandani, na kwamba moyo wake umejaa ukungu, na wanawe wanaulamba kila asubuhi. Ofisa alipaliwa na soda. Wazazi waliojua Kiingereza wakaanza kutazamana, kisha kikazuka kicheko, kile kile, na wasiojua Kiingereza wakacheka kwa sababu wenzao wanacheka.

Lidya alinyamaza katikati ya sentensi. Ofisa alifuta kidevu, akamwuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Lidya akageuka, akamtazama mamake. Darasa zima tulimtazama mamake. Kila mmoja wetu alikuwa nayo katika daftari lake, kwa mwandiko wake.

Mwalimu Dorka akasema kwa Kiingereza, polepole ili kila mtu asikie, kwamba hata yeye hajui mtoto huyu anayatoa wapi maneno hayo.

Lidya hakulia palepale. Alibaki amesimama na karatasi, akingoja mamake aseme jambo jingine, na mamake hakusema. Daftari langu lilikuwa mapajani. Ndiyo ilikuwa saa yake. Ningesimama wakati ule ningemwokoa mtoto na kumwangusha mama kwa pigo moja. Sikusimama. Nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sitasema uongo, kilikuwa kicheko kitamu kuliko vyote nilivyowahi kucheka. Mama, huko nyuma, alikuwa peke yake asiyecheka.

Jioni ile darajani aliniuliza nimemfanya nini yule mtoto. Sijui alijuaje. Nikamweleza yote kwa fahari: karatasi, kamusi, safu mbili, na kwamba nilikuwa nikilipiza kisasi kwa niaba yake, kwa vile siku ile hakuelewa alichoulizwa. Nilitaraji angalau anishike kichwa.

Mama akatua kikapu. Alisema nami Kigiriama, nami nayatia hapa kwa Kiswahili.

"Wadhani sikujua nachekwa? Kicheko nacho chahitaji kufasiriwa?"

Nikatazama mto.

"Nilijua. Niliitikia kwa sababu mtu akisema huitikiwa, na nilitembea nawe nikicheka njia nzima ili usijue kwamba najua. Mwaka mzima nimekuficha. Kumbe nawe wanificha." Akanyoosha mkono. "Yule mwanamke ana lake kwangu. Yule mwana ana lipi kwako?"

Nikamsogezea mkono wenye daftari. Akalichukua daftari jekundu, akalitia kikapuni chini ya leso, na Jumatatu asubuhi tukaenda naye shule.

Mwalimu Dorka alikuwa darasani na Lidya, wengine hawajaingia. Macho ya Lidya yalikuwa yamevimba. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, nikimtazama yeye, nikasema nilijua maana za kweli na nikamwacha aaibike. Lidya akaitikia kwa kichwa. Lakini mamake alikuwa ameshasikia lililomhusu. Aliniuliza nilijuaje, na kama ni maneno mawili matatu au ni mengi. Nikamwambia ni daftari zima. Akaketi.

Nilimwona akihesabu Ijumaa zake. Kisha akageuka kwa mama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Mwalimu Dorka akisema Kiswahili chote, bila kukichafua, Kiswahili kizuri cha mjini. Alisema ofisa ameahidi kurudi Jumatano kukagua madaftari ya darasa.

"Hee," mama akaitikia.

Alisema ikiwa atalipata daftari langu leo, atawahi kuwasahihishia watoto wote kabla ya siku hiyo.

"Hee."

Alisema kazi ameitumikia miaka mingi, na mama ni mzazi, anaelewa. "Tafadhali, mama."

"Hee," mama akasema. Akangoja mpaka mwalimu amemaliza kabisa, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akajitwika kikapu, daftari likiwa ndani, akamtakia asubuhi njema, akanishika mkono tukatoka. Mwalimu Dorka alikuwa bado amenyoosha kiganja, akidhani amekubaliwa.

Nyuma ya vyoo, pasipoonekana na madirisha, mama alilitoa daftari akanipa.

"Yule mwana mfunze yote, lisibaki hata moja," akasema. "Mamaye mwache." Akaenda zake sokoni, nyanya zisimwozee.

Siku mbili zile mimi na Lidya hatukucheza. Kila mapumziko tulikaa nyuma ya jiko la shule, nikamsomea safu ya pili, naye akakata kwa rula maana ya mamake na kuandika ya kweli juu yake. Nami nilikata katika daftari langu la darasani, lakini yeye alikata kwa nguvu zaidi. Mara mbili Mwalimu Dorka alipita karibu akatuona, akapunguza mwendo, na bintiye akafunika daftari kwa mkono.

Jumatano ofisa alirudi. Alifungua madaftari arobaini na moja juu ya meza ya mwalimu, akayakuta makosa yale yale, tarehe zile zile, na tiki nyekundu za Mwalimu Dorka pembeni ya kila moja. Yaliyosahihishwa yalikuwa mawili, langu na la Lidya. Akamwuliza tena, mbele yetu, ni nani aliyewafundisha watoto hawa, na safari hii hakukuwa na mtoto wa kumsingizia. Mwalimu Dorka alitafuta uso mmoja darasani wa kuutegemea, akaanza na wa Lidya, na Lidya akatazama dirishani. Akafika kwangu. Nilimkazia macho mpaka akainamisha yake, na mpaka leo hilo sijalijutia.